Kiangazi cha Filta Nyeupe

Harufu ya oili iliyochoka, ile nyeusi iliyokaa ndani ya injini hadi ikaisha nguvu, hunirudisha nyumbani kwetu Makere kuliko harufu nyingine yoyote. Wenzangu niliokua nao wakizungumzia utoto wao hutaja maharage mabichi yanayochemka jikoni, moshi wa kuni za mkaratusi, au udongo mwekundu unapopigwa na mvua ya kwanza baada ya miezi ya vumbi. Hayo yote na mimi nilikuwa nayo. Lakini nikipita karibu na gereji na kunusa oili inayomwagwa, kwanza nasikia uchungu kama wa sufuria iliyosahauliwa motoni, kisha utamu fulani mzito unaokaa kooni, na papo hapo naiona pikapu yetu ya kijani imesimama nyuma ya migomba. Miguu ya baba imechomoza chini yake. Mimi nimepiga magoti vumbini, nimeshika beseni la mama la kuoshea vyombo, na macho yangu yako barabarani kama nilivyoagizwa, asije akatokea mtu akatuona.

Nilikuwa na miaka kumi na moja kiangazi hicho. Jina langu ni Chiza, jina wanalopewa kwetu watoto wanaozaliwa baada ya mapacha, na mapacha wenyewe walikuwa kaka zangu Bukuru na Butoyi, ambao hawakuweza kutunza siri hata kwa muda wa kunywa kikombe cha uji. Kwa hiyo siri zote za baba zilikuja kwangu. Na baba alikuwa mtu wa siri. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakua katika vijiji vya Kasulu, akaoa, akalima, akapata uraia akiwa tayari na ndevu zenye mvi. Maisha yake yote kabla ya hapo alikuwa akiulizwa maswali yale yale na watu mbalimbali: umezaliwa wapi, nani anakujua, karatasi yako iko wapi. Nadhani maswali hayo yalimwingia na kukaa. Alipokwisha kuacha kuulizwa, akaanza yeye kuuliza. Mwuza chumvi alipima vibaya makusudi. Jirani aliyesalimia mapema mno alikuwa anapeleleza. Aliyechelewa kusalimia alikuwa na lake moyoni. Mama alizoea, alikuwa akimsikiliza huku anachambua mboga, kisha anasema, "Haya, Baba Bukuru, kula kwanza," kama mtu anayempoza mtoto mwenye homa.

Pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Baba alibeba maharage na mihogo mikavu kutoka Makere hadi soko la Kasulu, na mara nyingine akaelekea upande wa pili, Kibondo, kwa barabara ambayo wakati huo ilikuwa vumbi tupu. Gari likifanya kazi kwenye vumbi la namna ile, oili yake hugeuka uji mweusi upesi, na filta, kile kikopo cha bati kinachochuja uchafu kabla oili haijarudi kuzunguka ndani ya injini, huziba. Kazi ya kubadilisha vitu hivyo ilikuwa ya Fundi Bahati. Huyu alikuwa Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwembamba, mwenye kovu juu ya nyusi, ambaye kwa kibali alikuja kufanya kazi katika banda la mabati karibu na soko letu. Alikuwa na mke na watoto wanne kambini. Kiswahili chake kilituchekesha sisi watoto, maana injini aliiita moteri, ndiyo aliitamka njo, na wazee wote aliwaita papa, lakini madereva walimheshimu kwa sababu hakuwahi kuongea mengi kuliko alivyofanya.

Kisha maneno yakaanza sokoni. Sijui nani aliyaanzisha. Ilisemekana kwamba kuna mafundi wanaofungua filta ya zamani, wanaiosha kwa petroli, wanaipaka rangi, na kuirudisha mahali pake, huku filta mpya uliyowapa wanaiuza kwa mwingine. Maneno hayo hayakumtaja mtu. Baba hakuhitaji yamtaje. Alirudi nyumbani siku hiyo akatafuna muhogo bila kuumeza, halafu akasema, "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana ya nini?" mama akauliza.

"Ndiyo maana yule Mkongo anajifungia chini ya gari peke yake."

Mama akamwambia kwamba chini ya gari hapaingii watu wawili. Kesho yake alfajiri nilimwona amelala chali chini ya pikapu na msumari mkononi, akichora alama ndogo kwenye filta iliyokuwepo, msalaba ambao hata wewe ukionyeshwa ungehangaika kuuona. Aliponiona akaniita. Alisema gari linakwenda kwa fundi siku hiyo hiyo, na kwamba nitatumwa kununua chapati kwenye kibanda cha jirani. "Usirudi haraka," akaniambia. "Jifanye unasubiri zile za moto. Angalia mikono yake. Kila anachoshika, uje uniambie."

Basi nikaenda kupeleleza. Nilisimama karibu na mama wa chapati, nikajifanya natazama kikaango, huku jicho moja liko kwa Fundi Bahati. Sikufika mbali. Aliinua kichwa akaniona, akatazama tena, halafu akatabasamu kidogo. "Mama kidogo," akaniita, "kutoka kule hauone kitu. Kama banakutuma uangalie, kuja huku karibu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilikwenda, na hivyo ndivyo nilivyoanza kuyajua magari, ambayo leo yananipa mkate. Alinionyesha kwanza jinsi anavyozuia matairi kwa mawe mawili makubwa, na jinsi anavyoweka gogo zito la mkaratusi chini ya chesisi hata kama jeki imeshika vizuri, kwa sababu, alisema, jeki haina mke wala mtoto, haijali ukifa. Alinifanya niguse ubavu wa injini kwa nyuma ya vidole: iwe na joto ili oili ishuke vizuri, lakini isiwe ya kuunguza. Alinionyesha mahali filta ilipojificha, nyuma, chini ya bomba la moshi, mbali kabisa na filta ya dizeli iliyokuwa juu, peupe, ambayo wageni huidhania ndiyo yenyewe. "Kila gari iko na mahali yake ya kuificha," akasema. "Usifungue mbele ya kujua." Akafungua bolti ya chini, oili ikashuka kwenye karai kama utambi mweusi, tukasubiri hadi ikawa matone. Kisha akazungusha filta kwa mkanda wa ngozi, akaitoa, akaigeuza mdomo juu, akanisogezea.

"Ona. Mpira ya mviringo iko wapi?"

Nikamwonyesha. Ulikuwa umekaa kwenye mdomo wa kile kikopo, mweusi, umelainika.

"Njo vile. Kama hauione hapa, ujue imebakia kule juu, imenata kwa moteri. Ukiweka mpya juu yake, mipira inakuwa mbili. Mbili haishike. Siku ya kwanza itakudanganya, siku ya pili itamwaga yote." Akapangusa pale juu kwa kitambaa kisafi, akapaka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya kwa ncha ya kidole, akaikaza kwa mkono tu. Filta hiyo mpya ilikuwa ya buluu. Alinunua za buluu siku zote.

Nilirudi nyumbani na chapati zilizopoa na kumsimulia baba kila kitu, nikiwa na furaha kama mtu aliyeleta habari njema. Uso wake ukazidi kukunjamana. "Alikuita yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Akakuonyesha?"

"Kila kitu."

"Unaona sasa," akasema taratibu. "Alijua nimekutuma. Amekuonyesha anachotaka nikisikie." Akaenda kulala chini ya gari kutafuta msalaba wake. Hakuuona, kwa sababu filta ilikuwa mpya. Mtu mwingine angefurahi. Baba alikwangua rangi ya buluu kwa ukucha, akanusa, akasema msalaba umefunikwa kwa rangi. Hapo nilipaswa kucheka, au angalau kuelewa kwamba hakuna ushahidi ambao ungemtosha. Lakini alikuwa baba yangu, na alisema kwa uhakika sana. Usiku ule nililala nikimfikiria Fundi Bahati na tabasamu lake dogo, nikaanza kujiuliza: mbona aliniita upesi hivyo? Mbona mtu mzima apoteze muda kumfundisha mtoto wa kike kazi ya chini ya gari? Shaka ni kitu chepesi kupokea. Asubuhi nilipopita pale bandani hakunipungia mkono kwa sababu alikuwa amebeba gurudumu, na mimi nikaona kwamba ananikwepa.

Kiangazi kikaendelea. Mizigo ilikuwa mingi mwaka huo, gari halikupumzika, na kabla mvua hazijaanza oili ilikuwa imeshachakaa tena. Safari hii baba hakulipeleka kwa Bahati. Alipopeleka maharage Kasulu alirudi na filta mpya ameificha ndani ya gunia tupu chini ya kiti. Ilikuwa nyeupe. Jumapili, mama na mapacha walipokwenda kanisani, alisema nina homa, nibaki. Sikuwa na homa. Aliingiza pikapu nyuma ya migomba ikiwa ndiyo kwanza imetoka safari ya kijiji cha pili, injini bado inatoa mvuke, kwa sababu alitaka kumaliza kabla ibada haijaisha.

Nilipoona ameinua gari kwa jeki tu nilikwenda kutafuta mawe nikayasukuma nyuma ya matairi. "Mbwembwe za Mkongo hizo," akasema, lakini hakuyaondoa. Gogo hatukuwa nalo. Akaingia chini. Akafungua bolti, oili ya zamani ikashuka kwenye beseni la mama, kisha akashika filta ya dizeli, ile ya juu, akaanza kuihangaisha, nami nikamwambia si hiyo, nyingine iko nyuma chini ya bomba. Akasema niingize mkono wangu nimwonyeshe kwa kuwa ni mwembamba. Nililala ubavu vumbini, nikapapasa hadi nikaigusa, ya moto kama kikombe cha chai kilichojazwa sasa hivi. Yeye hakuwa na mkanda wa ngozi. Alichukua bisibisi ndefu akaipigilia kwa nyundo ikatoboa filta upande huu hadi upande wa pili, akaitumia kama mpini. Filta ikalegea ghafla, oili ya moto ikamshukia kwenye kiganja na kifundo cha mkono. Hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa meno, macho yakamjaa maji, akanipa ile filta ya zamani nishike.

Niliigeuza mdomo juu, kama nilivyofundishwa. Mfereji wa mpira ulikuwa mtupu.

"Baba," nikasema, "mpira haupo."

"Mpira gani?"

"Wa filta. Umebaki juu, kwenye injini. Inabidi uutoe kwanza."

Alinitazama kutoka chini ya gari, uso umechafuka oili nusu. "Nani kakufundisha?"

Alijua mwenyewe.

"Sasa nisikilize, Chiza. Mtu akitaka kukuharibia, anakupa ushauri. Nikianza kukwangua kule juu na kupaharibu, nitampelekea nani gari? Yeye. Lete hiyo nyeupe."

Ningeweza kusema tena. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Niliogopa, ndiyo. Ila kulikuwa na jambo jingine, na ndilo linalonikera hadi leo: kwa muda ule mfupi, nikiwa nimeshika kikopo kilichotobolewa, nilidhani huenda baba yuko sahihi. Huenda habari ya mpira ilikuwa mtego. Nikampa ile nyeupe. Akaikaza kwa nguvu zake zote, akamimina oili mpya, akawasha injini. Tukainama wote wawili kutazama chini. Halikudondoka hata tone. Baba alicheka kwa sauti, jambo la nadra, akanipiga begani kwa mkono wake mzima. Filta ya buluu akaitupa ndani ya choo cha shimo, na beseni la mama akalisugua kwa majivu.

Mama alirudi akaona kitambaa mkononi mwake. Baba akasema amejimwagia chai. Mama akauinua ule mkono hadi puani, akanusa. "Chai gani hii inayonuka oili?" Akanitazama mimi. Mimi nikatazama kuku.

Jumanne tulipakia maharage kwenda Kibondo, na mama akaja naye kwa kuwa mdogo wake alikuwa amejifungua huko. Tulikaa watatu mbele. Vumbi liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Tulipoanza kupanda mlima mrefu, taa ndogo nyekundu yenye picha ya birika ikawaka mbele ya usukani. Mama ndiye aliyeiona kwanza. "Hiyo ni nini?"

"Taa tu," baba akasema. "Inadanganya. Bahati aliwahi kuzishika nyaya hizi."

"Simama tuangalie."

"Nisimame mlimani na mzigo huu? Nani atanisukuma?"

Nilijua ni nini. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na safari hii nilifungua mdomo, lakini kabla sijasema injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa anayepiga kwa nyundo. Kisha ukaja mlio mmoja wa chuma kusagika, gari likashtuka, likasimama. Pikapu ilianza kurudi nyuma. Mama akapiga kelele kwa Kiha, akafungua mlango akaruka nje akatupa jiwe chini ya tairi, na hilo ndilo lililotuokoa na korongo. Tuliposhuka tuliona mstari mweusi wa oili umechorwa katikati ya barabara, unashuka mlima hadi macho yanapoishia. Injini ilikuwa imenoki, imekwama kabisa. Mtoto mchanga wa mama mdogo hatukumwona mwezi ule. Tulirudi Makere tumefungwa kamba nyuma ya lori la mkaa, na njia nzima baba alirudia neno moja: "Bahati. Bahati. Bahati."

Kijiji kizima kilisikia. Hakuna aliyejua habari ya Jumapili, na kila mtu alijua kwamba gari la Baba Bukuru linatengenezwa na Mkongo. Siku ya tatu mwenyekiti wa kijiji akaja nyumbani kwetu pamoja na wazee wawili, na Fundi Bahati akaitwa. Watu walijaa uani, wengine wameketi juu ya magunia yetu ya maharage. Mwenyekiti alikuwa mtu mtaratibu. Alisema hataki ugomvi, lakini ikithibitika kwamba fundi ameharibu gari la watu kwa hila, basi hataweza tena kumkubali afanye kazi sokoni, atarudi kambini akae huko. Bahati alikuwa amevua kofia. Aliomba jambo moja, aruhusiwe kufungua filta mbele ya wote.

Alitandika kitambaa, akaingia chini, akatoka na filta nyeupe. Mdomoni mwake kulikuwa na mpira mpya, umepinda, umepasuka. Akarudi chini tena, akakwangua kwa kucha, akatoka na mpira wa pili, wa zamani, umekuwa bapa kama ngozi ya tunda. Akaviweka vyote viwili juu ya kitambaa. "Mipira mbili," akasema. "Njo sababu."

Mzee mmoja akainama akatazama. "Kwa hiyo wewe uliuacha wa zamani ndani."

"Hapana, papa. Mimi filitri yangu ni ya buluu. Hii nyeupe siijue. Sikuiweka."

"Anasema uongo," baba akasema. Mkono wake wenye kitambaa ulikuwa mfukoni. "Rangi si kitu. Wanapaka wanavyotaka."

Watu wakaguna kukubali. Maneno ya filta za kupakwa rangi kila mtu aliyasikia. Niliona jinsi uani kulivyobadilika. Watu waliokuwa wakimpelekea pikipiki zao wiki iliyopita walikuwa wakimtazama Fundi Bahati kama kitu kilichookotwa. Yeye akazungusha macho polepole katika nyuso zile, akafika kwangu. Nilikuwa nimejibana kwenye mlango wa jiko. Alijua. Nilikuwa mtoto pekee katika kata nzima aliyefundishwa habari ya mpira, na nadhani aliona usoni mwangu yote yaliyotokea nyuma ya migomba. Nikangoja anitaje. Angesema tu, muulizeni huyu. Badala yake akainamisha kichwa, akaanza kukunja kitambaa chake.

"Ile ya buluu iko chooni," nikasema.

Sauti haikutoka vizuri, mwenyekiti akaniambia nirudie.

"Baba aliitupa chooni. Jumapili. Ina tundu la bisibisi. Fundi hakugusa gari."

Nakumbuka kuku mmoja alikuwa akidonoa punje za maharage kati ya miguu ya watu, na kwamba hakuna aliyemfukuza. Mama alikuwa nyuma yangu; akaniwekea mkono kichwani, mzito, ukabaki pale. Baba hakunitazama. Alitoa mkono mfukoni, akaanza kufungua kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko, hadi malengelenge ya kuungua yakaonekana, mekundu, yamepasuka. Kisha akamwambia mwenyekiti maneno mawili tu: "Mtoto amesema."

Hakuna mtu aliyecheka. Wazee waliondoka bila kunywa togwa waliyowekewa. Fundi Bahati ndiye aliyebaki. Alizunguka pikapu mara moja, akagonga injini kwa kifundo cha kidole, akasema, "Itafunguka, papa. Tutaangalia ndani kama shafti imekufa yote." Sikuelewa wakati ule jinsi mtu anavyoweza kusema hivyo. Alifanya kazi uani kwetu wiki nyingi, mvua zikamkuta hapo hapo chini ya turubai, na baba aliketi kila siku kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwake, akitazama mikono yake. Hakuwa ameacha kushuku. Hakujua namna ya kuacha. Ila Bahati alizoea kumpa kitu ashike, spana au kopo la skrubu, na mikono ya baba ikiwa na kazi mdomo wake ulipumzika. Siku injini ilipowaka, baba alimwita ndani wakala pamoja. Nilitumwa kupeleka maji ya kunawa. Nilimsikia akisema kwa Kiha, lugha ambayo Bahati hakuielewa sawasawa, kwamba amekosa. Bahati akaitikia kwa Kiswahili, "Sawa, papa. Kula." Baada ya miaka michache familia yake ilihamishiwa nchi ya mbali, na sijamwona tena.

Kwangu mambo hayakwisha upesi hivyo. Baba hakunipiga, hakunigombeza. Ila nilipoingia chumbani akizungumza na mama, sauti yake ilishuka. Safari zake alianza kumwambia Bukuru. Nilikuwa nimehamia upande wa wale wanaouliza maswali, na kwake upande huo haukuwa na mlango wa kurudi. Nilimlilia mama. "Ulisema kweli," akasema. "Lakini ungeanza kuniambia mimi." Nimeligeuza neno hilo miaka yote hii. Siku nyingine nakubaliana naye. Siku nyingine namkumbuka Bahati akikunja kitambaa, na naona kwamba muda wa kuanza na mtu mwingine haukuwepo.

Sasa naishi Kibondo, na mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Barabara ile ya vumbi imekuwa lami, mlima uliotuulia injini naupanda bila kubadilisha gia mara mbili, na vijana wa gereji wana vifaa vinavyosoma hitilafu za gari kwenye simu. Shaka haijapungua. Dukani unaambiwa ukwangue lebo ya filta uhakikishe si bandia, na mtu akija mjini na lafudhi ya ng'ambo ya mpaka bado wapo wanaogeuka kumtazama mara mbili. Mimi pia nimeirithi, siwezi kujidanganya. Dereva mwenzangu akinikabidhi gari na kusema oili iko sawa, namshukuru, halafu nafungua boneti. Mwanzoni alinuna. "Dada Chiza, ina maana huniamini?" Nikamwambia siamini hata macho yangu mwenyewe, aje tuangalie wote. Siku hizi hafungui mdomo. Anafungua boneti kabla sijafika, tunainama pamoja, mmoja anachomoa kijiti cha kupimia, mwingine anashika kitambaa. Nafikiri hiyo ndiyo tofauti pekee niliyoweza kuitengeneza kati ya nyumba niliyokulia na maisha niliyonayo. Baba alitazama kutoka mbali na kukisia. Mimi naomba nisogee karibu, na ninamruhusu mwenzangu naye anisogelee.

Pasaka iliyopita nilikwenda kumchukua baba Makere kwa gari dogo tulilonunua mimi na mume wangu. Amezeeka, goti moja linamsumbua. Katika maisha yake yote sijawahi kumwona akisinzia katika gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Hata kwenye basi la Kigoma hukaa wima, macho kwenye barabara, mguu ukitafuta breki isiyokuwepo. Alikaa mbele, akafunga mkanda, akauvuta mara tatu kuona kama umeshika. Akaniuliza matairi nimenunua wapi. Akaniuliza nani amefanya sevisi. Nikamwambia nimefanya mwenyewe. Akatazama nje kwenye mashamba ya maharage yaliyokuwa yakichanua. Tulipoanza kupanda mlima nikageuka kumwonyesha mahali tulipokwama zamani. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeegemea kioo. Nikapunguza mwendo kwenye kona, nisimwamshe.